Maji yanapandaje mpaka juu ya mti? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali wanayouliza sana watu wa bustani, wanafunzi, na wazazi ambao mtoto kawauliza kitu jioni wakakosa jibu. Mengine nimejibu kwa urefu kwasababu yana mambo mengi ndani yake, mengine mistari miwili inatosha. Kama una haraka soma la kwanza tu, maana hayo mengine karibu yote yanatokea humo.

Kwa kifupi kabisa, nani anapandisha maji, mizizi au majani?

Majani. Najua wengi tumekua tukijua mizizi ndo inasukuma, lakini kazi kubwa inafanyika juu. Jua linapiga jani, maji yaliyoshika kwenye kuta za seli ndani ya jani yanageuka mvuke, mvuke unatoka nje kupitia matundu madogo sana yanaitwa stomata, na kila tone linalotoka pale linaacha pengo na lile pengo linavuta maji yaliyo nyuma yake kwenye mshipa wa jani, hayo yanavuta ya kwenye tawi, ya kwenye tawi yanavuta ya kwenye shina, mpaka chini kabisa kwenye mizizi ambako maji mapya yanaingia kutoka udongoni. Ni mnyororo mmoja wa maji usiokatika kuanzia udongo mpaka jani. Na nishati ya kazi yote hiyo inatoka kwenye jua, mti wenyewe hauchomi sukari yake kupandisha maji. Mimi hili jambo naona ni moja ya mambo mazuri kabisa kwenye maumbile, yaani tani na tani za maji zinapanda kila siku kwenye msitu halafu hamna mlio, hamna injini.

Si ndo sawa na kunywa soda kwa mrija?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Ukinyonya mrija hauvuti soda, unachofanya ni kupunguza presha ya hewa mdomoni halafu hewa ya nje inaisukuma soda ije juu. Sasa hewa ina uwezo wake na unaishia mahali, inaweza kusukuma maji mpaka mita 10 na kidogo tu ukiwa usawa wa bahari, zaidi ya hapo hata ungekuwa na ombwe kamili juu maji hayaji. Evangelista Torricelli alilionyesha hili Italia miaka ya 1640 kwa kutumia zebaki. Mafundi wa visima wanalijua vizuri tu, pampu ya kuvuta iliyokaa juu ya ardhi ikishazidi mita saba au nane hivi inashindwa, ndio maana kisima kirefu pampu inazamishwa ndani isukume kutokea chini.

Halafu angalia miti. Kwenye bonde moja la Kilimanjaro kuna mti wa Entandrophragma excelsum, ukoo mmoja na mkangazi na mwarobaini, uliopimwa mita 81.5, na taarifa zake zilipotolewa mwaka 2016 ukawa ndo mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika. Maji yanafika kileleni pale kila siku. Presha ya hewa peke yake isingefika hata robo ya njia, kwahiyo lazima maji yale yanavutwa kweli kweli.

Kwani maji yanaweza kuvutwa? Mbona hayakatiki?

Swali zuri sana hili. Molekuli za maji zinashikana, upande wa haidrojeni wa molekuli moja unang'ang'ania upande wa oksijeni wa jirani yake, na mshikano huo ukiwa ndani ya mrija mwembamba usio na hewa hata kidogo una nguvu ya ajabu. Mwaka 1950 Mmarekani Lyman Briggs alizungusha maji safi ndani ya mrija wa kioo kwa kasi kubwa, maji yakivutwa pande mbili, na yalivumilia mkazo wa karibu mara 270 ya presha ya hewa ndo yakakatika. Mti mrefu hauhitaji hata kukaribia hapo. Kila mita 10 za kwenda juu zinataka kama presha moja ya hewa kushinda uzito wa maji yenyewe, halafu ongeza kama nyingine kwa ajili ya msuguano ndani ya mirija, kwahiyo ule mti wa Kilimanjaro unahitaji kama mara 16 hivi. Nafasi iliyobaki ni kubwa mno.

Ila sharti ni hilo, hewa isiingie. Nitarudi kwenye hewa huko chini maana ndo adui mkubwa.

Lakini shuleni tulifundishwa kapilari. Walitudanganya?

Hawakudanganya, ila sehemu muhimu iliachwa. Kapilari ni maji kupanda yenyewe kwenye mrija mwembamba kwa kushikamana na kuta zake, na mrija unavyokuwa mwembamba ndo yanapanda zaidi. Mirija ya zailemu, ile inayobeba maji kwenye shina, sio myembamba kiasi hicho. Mrija wenye upana wa mikromita 40 kwa kapilari peke yake unapandisha maji sentimita 75 tu, mche wa mahindi unapita hapo.

Kapilari yenye kazi kubwa iko kwenye jani. Kuta za seli za jani zimefumwa kwa nyuzi nyembamba sana zenye vinafasi vya nanomita chache kati yake, na maji yaliyoshika kwenye vinafasi hivyo yanaweza kushikilia nguzo ya maji ya mamia ya mita bila kuachia. Kwahiyo ukitaka kusema kapilari sema, lakini iweke juu kwenye jani, pale maji yanapokutana na hewa.

Wanasayansi walijuaje yote haya?

Pole pole, na kwa majaribio mazuri. Mwaka 1724 padri mmoja Mwingereza, Stephen Hales, alichukua alizeti kwenye chungu, akafunika udongo vizuri ili maji yasitokee hapo, akawa anapima uzito asubuhi na jioni. Kila uzito uliopungua ulikuwa umepita kwenye majani. Alikadiria kwamba ukilinganisha mwili kwa mwili alizeti inapitisha maji mara 17 zaidi ya mtu.

Halafu mwaka 1891 Mjerumani Eduard Strasburger akatoa jaribio ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Watu walikuwa wanabishana, je kuna seli hai ndani ya shina zinazosukuma maji hatua kwa hatua? Yeye akakata mwaloni wa zaidi ya mita 20, akausimamisha kwenye sumu. Sumu ikapanda, ikaua seli zote za shina ilipopita, na maji yakaendelea kupanda tu. Yalikuja kusimama sumu ilipofika kwenye majani. Hapo ikawa wazi, shina ni njia, kazi iko kwenye majani. Miaka mitatu baadaye, 1894, Henry Dixon na John Joly wa Dublin wakaeleza kwamba maji yanavutwa na majani na yanashikana yenyewe kwa yenyewe njia nzima, na maelezo yao ndo tunayotumia mpaka leo.

Kilichobaki kilikuwa kupima huo mkazo. Mwaka 1965 Per Scholander na wenzake walitumia chombo cha chuma: unakata tawi dogo, maji yaliyokuwa yamevutika yanarudi ndani ghafla, unaliweka tawi ndani ya chombo ncha iliyokatwa ikiwa imechungulia nje, unaongeza gesi mpaka maji yaonekane tena kwenye ncha. Presha uliyotumia ndo mkazo uliokuwemo. Ili kupata matawi ya juu kwenye miti mirefu waliyapiga kwa bunduki yakaanguka. Na mwaka 2008 huko Cornell Marekani, Tobias Wheeler na Abraham Stroock wakatengeneza "mti" wa maabara, jeli iliyochongwa mirija midogo bila chembe moja hai, na maji yakavutwa ndani yake kwa mkazo kama wa kwenye mti.

Kwahiyo mizizi haifanyi chochote?

Inafanya, tena sana, ila kazi yake nyingine. Vinyweleo vya mizizi ndo mlango, na ndani ya mzizi kuna mkanda usiopitisha maji unaolazimisha kila kitu kipite ndani ya seli hai, hapo ndipo mmea unapochagua chumvi gani iingie na ipi ibaki nje.

Mizizi pia ina uwezo wa kusukuma kidogo. Usiku stomata zikiwa zimefungwa mizizi inaendelea kuingiza chumvichumvi, maji yanafuata, presha inapanda. Ndo maana asubuhi na mapema unakuta matone kwenye ncha za majani ya magimbi au mahindi machanga. Watu wanasema umande, lakini umande unatandaa jani zima, haya yako pembeni na kwenye ncha tu kwasababu yametoka ndani ya mmea kupitia matundu maalum. Na mgomba ukiukata baada ya kuvuna ndizi kisiki kinatoa maji, sababu ni hiyo hiyo.

Ila presha hiyo mara nyingi haizidi moja au mbili ya hewa, na mchana mmea unapohitaji maji zaidi ndo inapotea kabisa. Haiwezi kulisha mti mrefu.

Mikoko inakunywaje maji ya bahari?

Hii kwangu ndo ushahidi mkubwa kuliko mti mrefu. Nenda delta ya Rufiji, nenda Lamu, unakuta mikoko mifupi tu, mingine mita tatu, ukidhani haina kazi ya kupandisha maji. Kumbe inafanya kazi kubwa kuliko mti wa mita 80. Chumvi inayashikilia maji yasitoke, kuyatenganisha na chumvi ya bahari unahitaji presha ya karibu mara 25 ya hewa. Mitambo ya kusafisha maji ya bahari inafanya hivyo kwa pampu kubwa na umeme mwingi. Mkoko unafanya kwa jani na jua.

Jani linavuta, mkazo unafika chini mpaka kwenye mzizi uliozama kwenye tope la chumvi, mzizi unaruhusu maji na kuzuia sehemu kubwa sana ya chumvi. Ukipima mkazo ndani ya mikoko unakuta mara 30 mpaka 60 ya presha ya hewa, na Scholander alipima mikoko kwenye kazi ile ile ya 1965. Chumvi kidogo inayopenya kila aina ina namna yake ya kushughulika nayo, mchu kwa mfano unaitoa kwenye majani, ukipitisha kidole juu ya jani lake wakati wa jua kali utaona chenga nyeupe, onja ni chumvi kabisa.

Ndo maana mikoko inakua taratibu, na ndo maana mtu anayekata mikoko akidhani itarudi haraka kama magugu hajui gharama ya kila jani pale.

Hewa ikiingia kwenye mirija inakuwaje?

Mrija unakatika. Maji yakiwa kwenye mkazo kiputo kidogo cha hewa kinapanuka ghafla, mrija mzima unabaki na mvuke na hewa, hauvuti tena. Na hii inatokea mara nyingi tu hasa wakati wa kiangazi, udongo unapokauka majani yanavuta zaidi na zaidi mpaka hewa inapenya.

Unaweza hata kuisikia. Mwaka 1966 John Milburn na mwenzake Johnson walifunga kifaa cha kunasa mitetemo kwenye mnyonyo, huu huu wa mafuta ya nyonyo, wakaacha majani yanyauke, wakasikia milio midogo mmoja mmoja kila mrija ulipokatika.

Mmea umejipanga. Zailemu sio bomba moja, ni maelfu ya mirija iliyopangana na kuunganishwa na vitundu vyenye utando unaopitisha maji lakini unazuia kiputo kisihamie kwa jirani, kwahiyo ajali inabaki pale pale na maji yanazunguka njia nyingine. Mipaini kama ile ya Sao Hill kule Mufindi ina mirija mifupi na myembamba sana, inapitisha maji taratibu lakini ni migumu kukatika. Miti yenye mirija mipana inapitisha haraka, mingine mpaka makumi ya mita kwa saa wakati wa jua, ila hatari nayo ni kubwa zaidi.

Mmea mmoja unatumia maji kiasi gani?

Mmea mmoja wa mahindi kuanzia kupanda mpaka kuvuna unapitisha takriban lita 200. Eka moja ya mahindi iliyostawi inaweza kutoa hewani lita 11,000 mpaka 15,000 kwa siku moja. Na kati ya maji yote yanayoingia kwenye mizizi, zaidi ya asilimia 95 yanatoka kama mvuke, yanayobaki kujenga mwili wa mmea ni kidogo sana.

Huo si upotevu? Kwanini mmea usifunge tu?

Kwasababu mlango ni mmoja. Kabonidayoksaidi ya kutengenezea chakula inaingia kwenye stomata zile zile maji yanapotokea, na hewani kabonidayoksaidi ni kidogo mno wakati ndani ya jani kumejaa unyevu, kwahiyo ukifungua kidogo tu maji mengi yanatoka na gesi kidogo inaingia. Maharage yanapoteza kama molekuli 400 za maji kwa kila molekuli moja ya kabonidayoksaidi. Mahindi yana mbinu bora, yanapoteza chini ya hapo sana. Mkonge na nanasi wana mbinu nyingine kabisa, wanafungua stomata usiku kukiwa na ubaridi, wanahifadhi gesi, mchana wanafunga na kutengeneza chakula kwa kile walichoweka, kwahiyo wanapoteza kama 50 tu. Ukiona mashamba ya mkonge Tanga yamesimama kijani wakati nyasi pembeni zimekauka, sababu ndo hiyo.

Na faida nyingine ipo, mvuke ukitoka unapoza jani, na maji yanayopanda yanabeba naitrojeni, potasiamu na vingine kutoka udongoni.

Mbona maboga na mchicha vinalala saa saba mchana wakati udongo una maji?

Kwasababu majani yanatoa haraka kuliko mizizi inavyoingiza. Majani ni mapana, jua kali, upepo, hewa kavu. Kama jioni yanasimama yenyewe hamna tatizo, usikimbilie kumwaga maji. Kipimo ni asubuhi, kama saa moja asubuhi bado yamelala ndo udongo umekauka kweli au mizizi ina ugonjwa.

Miche yangu inakufa nikiihamisha kutoka kitaluni. Nifanyeje?

Hapa elimu yote ya juu inakuwa na faida, tafadhali soma kwa makini maana nimeona miche mingi mizuri ikifa bila sababu. Unapong'oa mche vinyweleo vya mizizi vinabaki kwenye udongo wa kitalu, yaani umeondoa mlango wa maji, lakini majani yako vile vile na yanaendelea kuvuta. Mkazo unapanda, hewa inaingia kwenye mirija, mche unakufa, na ukimwaga ndoo nzima hausaidii kwasababu hamna kinachoyachukua.

Kwahiyo fanya pande mbili. Upande wa chini, mwagilia kitalu vizuri kabla ya kung'oa, hamisha na bonge la udongo wake, shindilia udongo kidogo ushikane na mizizi. Upande wa juu punguza mvuto: hamisha jioni au siku ya mawingu, weka kivuli cha makuti au majani kwa siku za mwanzo, na kama mche una majani mengi makubwa punguza baadhi, au kata nusu ya jani kama wanavyofanya watu wengi kwenye miche ya miti. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo. Mizizi mipya ikishatoka kivuli kitoe kidogo kidogo.

Nimemwagilia sana, bado unanyauka. Kwanini?

Maji yakituama mizizi inakosa oksijeni, na seli za mizizi ambazo hazipumui zinafunga vinjia vya maji. Mmea unakufa kwa kiu ukiwa umesimama kwenye maji. Chimba mfereji, acha udongo upumue.

Sababu nyingine ni mbolea ya chumvichumvi iliyozidi au iliyowekwa karibu sana na shina. Chumvi ikiwa nyingi nje kuliko ndani ya mzizi maji hayaingii, yanaweza hata kutoka. Mche wa nyanya hauna uwezo wa mkoko. Weka mbali kidogo na shina, mwagilia maji mengi kuisambaza.

Mti wenye tundu kubwa katikati unaishije?

Katikati ya shina ni mbao zilizokufa zamani, hazibebi maji tena. Maji yanapita kwenye pete za nje, karibu na gome. Ndo maana mti wenye pango la kuingia mtu unatoa majani kila mwaka bila shida.

Ila gome usiguse. Gome likivuliwa kuzunguka shina lote mti utabaki na majani ya kijani kwa muda mrefu kiasi, maana maji yapo ndani na yanaendelea kupanda, lakini ile njia ya sukari kutoka kwenye majani kwenda kwenye mizizi iko kwenye gome, nayo imekatwa. Mizizi inakufa njaa, baada ya hapo mti mzima. Anayechukua gome la dawa achukue kipande upande mmoja, asizungushe.

Tembo la mnazi nalo ni hayo maji yanayopanda?

Hapana, ndo maana lina utamu. Mgema anakata ncha ya karara, na kinachotoka ni utomvu wa floemu, ile njia inayobeba sukari kutoka kwenye majani kwenda kwenye maua na matunda. Floemu inasukumwa kwa presha, kwahiyo ukiikata inatoka nje. Zailemu mchana iko kwenye mkazo, ukiikata inanyonya hewa kuingia ndani.

Mbuyu unahifadhi maji ili uyatumie mchana?

Shina lake lina maji mengi kweli, mbao zake ni laini na zimejaa. Lakini sio tangi la matumizi ya kila siku. Kazi kubwa ya maji yale ni kutoa majani mapya mwisho wa kiangazi kabla mvua haijanyesha, na pia maji ndo yanafanya seli zile laini ziwe ngumu kiasi cha kubeba mti mzima.

Ni kweli mikaratusi inakausha visima?

Mkaratusi hauna uchawi, unavuta maji kwa njia ile ile. Tofauti ni kwamba unakua haraka, una majani mwaka mzima, na mizizi yake inaenda chini sana, kwahiyo ukipanda msitu mzima wa mikaratusi kwenye chanzo cha maji kiasi kinachopanda hewani kinazidi kile cha nyasi au mazao yaliyokuwepo. Kenya mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye kingo za mito na maeneo ya chepechepe. Msimamo wangu, mkaratusi ni mti wa nguzo na kuni, upandwe kwenye kilima chenye mvua ya kutosha, kwenye chemchemi na mtoni weka miti ya asili ya pale.

Mti unaweza kurefuka mpaka wapi?

Mrefu kuliko yote tunaoujua ni Hyperion, uko California, uligunduliwa 2006 na una mita kama 116. Watafiti waliokwea miti ya aina ile walikadiria mwaka 2004 ukomo kuwa mita 122 mpaka 130. Kadri unavyopanda mkazo unakuwa mkubwa, majani ya kileleni yanakuwa madogo na mazito, stomata zinalazimika kufunga mapema, mwisho jani la juu halitengenezi chakula cha kutosha kuendelea kurefuka.

Nataka kuwaonyesha watoto. Jaribio gani rahisi?

Chukua tawi lenye majani likiwa bado mtini, livishe mfuko mwangavu wa mkate, funga mdomo vizuri, acha juani masaa mawili matatu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku, Kenya 2017 na Tanzania 2019, lakini huu wa mkate mara nyingi uko nyumbani tayari. Matone yatakayojaa ndani yametoka kwenye majani. Weka mfuko wa pili kwenye tawi ulilolitoa majani yote, walinganishe wenyewe.

La pili, mchicha mweupe au ua jeupe kwenye glasi yenye rangi ya chakula. Weka moja juani penye upepo na moja chumbani penye giza, waulize rangi itafika wapi kwanza kabla ya kuangalia.

Maua ya kwenye chombo yananyauka siku ya pili. Kuna njia?

Ipo. Ulipokata ua hewa iliingia kwenye mirija iliyokuwa kwenye mkazo. Kata asubuhi na mapema mkazo ukiwa mdogo, halafu ukifika nyumbani kata tena sentimita mbili tatu shina likiwa limezama ndani ya beseni la maji, hamishia kwenye chombo haraka. Toa majani yote yatakayozama, punguza hata ya juu, weka mbali na dirisha la jua na feni. Badilisha maji kila baada ya siku moja au mbili, maana bakteria nao wanaziba mirija.